Kimbunga cha Barazani

Tangu alfajiri Lorene alikuwa hatulii kitini. Yeye na mumewe Dwight walikuwa wamelikata jimbo zima la Kansas kwa gari wakisaka kimbunga wakitazame, na mbingu bado ilikuwa buluu tupu, kama inawacheka.

"Twende kaskazini kidogo," alisema.

"Umesema kaskazini, ukasema magharibi. Hata gari limekuchoka, mke wangu."

Simu ikaita. Alikuwa mama yake Lorene, kutoka nyumbani Oklahoma, na nyuma ya sauti yake king'ora cha mji cha kuonya kimbunga kilikuwa kinalia.

"Mama, umeshaingia handakini?"

"Handakini nikafanye nini? Niko barazani na majirani, tunakitazama. Kinazunguka taratibu, kizuri ajabu. Wewe unahangaika kuvifuata huko, mwanangu, mwenzio kimenifuata hapa hapa."

Lorene, aliyezoea kusimama mbele ya vimbunga akicheka, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, nakuomba, shuka chini."

"Ngoja kwanza. Si wewe unayesema kila siku kwamba anayejificha haoni kitu?"

Simu ikakatika. Dwight aligeuza gari kuelekea Oklahoma bila kuambiwa. Lorene akafumba macho, asiione mbingu.