Mfereji wa Mwatum

Kificho alipomwomba mkewe shamba la bondeni, alisema anataka kupanda nyanya. Mwatum alikuwa akipepeta mchele; aliuacha ungo magotini, akamtazama. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa yao hajapata kumwona mume huyu akapanda kitu kikazaa. Mihogo yake ilioza chini, migomba yake ilianguka kabla ya kutoa mkungu, na wanaume wa kijiji chao, Ole, walimtania barazani kwamba hata magugu hayaoti anapopita yeye. Riziki yake ilikuwa kukwea mikarafuu ya watu na kuchuma. Lakini mwaka ule wa tisini na nne bei ya karafuu ilikuwa imeanguka vibaya, na baadhi ya wenye mashamba waliziacha zikapukutika mitini.

"Nyanya?" aliuliza Mwatum.

"Nyanya. Mjini Wete wanazitaka."

Shamba lile Mwatum alilirithi kwa mama yake, Bi Mwanawema, na watu bado waliliita Kwa Mwanawema. Alikulia humo. Alijua wapi udongo mwekundu unaishia na mweusi unaanza, wapi maji hutuama, na fenesi lipi huwahi kuiva. Alifikiri kidogo, akasema, "Haya, lima." Moyoni alifurahi kwamba mume kaamua kushika jembe.

Mwezi na nusu ukapita, masika yakaanza. Kificho alitoka alfajiri, akarudi adhuhuri na tope magotini, wala hakusema neno juu ya nyanya. Kisha vitu vikaanza kupotea nyumbani. Kwanza kipande cha sabuni ambacho Mwatum alikiweka kwa ajili ya sare ya skuli ya binti yao Kazija. Kisha ndoo. Kisha jamvi jipya, ambalo ukili wake alikuwa ameusuka mwenyewe kwa wiki tatu. Mwanamke anayeona mumewe anahamisha sabuni na jamvi hahitaji kuambiwa kitu. Mwatum alijifunga kanga kiunoni, akamfuata.

Hakumkuta na mwanamke. Alimkuta amechutama peke yake katikati ya mihogo ya zamani, jamvi limetandazwa juu ya vijiti kama paa. Chini yake kulikuwa na miche kama sitini, majani yake membamba yamechanua kama vidole. Mingine ilikuwa imekatwa shina, imelala. Mingine imetobolewatobolewa mpaka imebaki mishipa mitupu.

"Nyanya gani hizi?"

Kificho hakushtuka. Alionekana kachoka hata kushtuka. "Panzi," alisema. "Panzi, na mdudu mwingine simwoni. Nimenyunyiza maji ya sabuni, wapi. Nikiweka jamvi zinanyauka, nikiondoa jamvi mvua inazilaza."

"Nnakuuliza, nyanya gani hizi?"

"Bangi."

"Kwenye shamba la mama yangu?"

"Msimu mmoja tu, Mwatum. Safari kaniletea mbegu kutoka Tanga." Safari alikuwa mchuuzi wa mitumba aliyekuwa akifika Wete kila mwezi. "Mzigo wote atauchukua mwenyewe. Sisi hatuvuti, hatumuuzii mtu wa hapa."

"Haramu, Kificho."

Kificho aliunyosha mkono wa kushoto, ule uliovunjika msimu uliopita alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu. "Huu umepona," alisema. "Miguu ndiyo haijapona. Nikifika tagaa la pili inatetemeka, naukumbatia mti, siwezi kupanda wala kushuka. Mara mbili wamenishusha kwa kamba. Sikukwambia. Sitokwea tena mie. Sasa nifanye nini?"

Mwatum alilitwaa jamvi lake, akalikung'uta tope, akatwaa na kile kibaki cha sabuni, akarudi nyumbani. Siku mbili hakumsemesha.

Siku ya tatu mvua ilianza alfajiri na haikukatika hata kesho yake. Mwatum alikaa jikoni akiisikiliza. Alijua maji yanapofika saa hizo: yanashuka mlimani, yanapita penye mfenesi, yanajaa pale pale mumewe alipopanda, kwa kuwa mtu asiyejua shamba huchagua mahali pazuri kwa macho. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya udongo wa mama yake, usisombwe. Akachukua jembe.

Alimkuta Kificho anateka maji shambani kwa ndoo, anayamwaga hatua tatu mbele, na yanamrudia. Angekuwa mtu mwingine angecheka.

"Ondoka hapo," alimwambia.

Alichimba mfereji kuanzia penye mfenesi mpaka kijitoni, akiupindisha mara mbili ili maji yapoteze kasi, yasichukue udongo. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, na Ole nzima hakuna aliyekuwa akichimba hivyo tena. Kufika alasiri maji yalikuwa yametoka bondeni, na miche arubaini imesimama. Kificho aliyatazama maji yanavyokwenda zake, akasema, "Mkono wako una baraka, mke wangu."

Miaka kumi na mmoja Mwatum alikuwa amempikia, amemzalia, amemuuguza mkono ule miezi minne. Neno kama hilo hakuwahi kulisikia. Alijifanya anasafisha jembe.

Toka siku hiyo kilimo kile kikawa chake. Hakukitaka, na kilikuwa chake. Aliwafukua kwa kidole wale wadudu wa chini waliokata mashina, akawaponda kwa jiwe. Alinyunyiza majivu ya jikoni kuzunguka kila mche. Vidukari walipoganda chini ya majani, wamejaa kama ufuta, aliroweka tumbaku na pilipili, akatia na ile sabuni aliyoirudisha nyumbani, akawaosha jani kwa jani. Kusi lilipovuma likavunja miche mitano, ile mingine aliifunga kwenye miti ya mihogo kwa kamba za migomba, akailegeza kila wiki ili isikabwe. Kificho alimfuata nyuma na ndoo. Alikuwa mtiifu, na kila jioni alimsifu.

Kila swala Mwatum aliomba msamaha, na kila asubuhi akashuka bondeni. Hakuweza kumweleza mtu jambo hilo, maana mwenyewe hakulielewa vizuri. Aliichukia ile mimea kwa jina lake. Lakini mmea hauna jina unapougua, una njaa na una kiu, na yeye hajapata kuuona mmea unakufa kwenye ardhi ya mama yake akaupita. Kufika mwezi wa Julai ilikuwa imempita urefu, imebeba mashada mazito, na harufu yake ilimkaa kwenye kanga hata baada ya kufuliwa.

Kisha zikaja mvua za mchoo, zile za katikati ya mwaka. Kwa kawaida ni manyunyu. Mwaka ule zilikuwa nzito, na baina yake hapakuwa na jua wala upepo. Siku ya nne Mwatum alilifungua shada moja, akakuta ndani limekuwa kijivu, lina utando kama wa mkate uliosahauliwa.

"Tukate leo," alimwambia mumewe. "Ukungu huu ukiingia hautoki."

"Safari kasema zisubiri wiki mbili. Zikikatwa mapema hazina nguvu, hatozitaka."

"Safari yuko Tanga. Mie niko hapa, nnaona."

"Tusubiri, Mwatum."

Wakasubiri. Kila siku alipita akichagua mashada yaliyooza, akiyafukia. Kila siku yalikuwa mengi zaidi, na kwenye unyevu ule harufu ilipanda kutoka bondeni ikafika njia ya juu wanayopita watu wa baiskeli. Siku ya tisa, saa nne za asubuhi, Mwatum alikuwa amechutama na kisu mkononi aliposikia viatu. Waliteremka askari watatu, na mbele yao sheha, mkuu wa kijiji, Mzee Shaame. Kificho alikuwa kijitoni akiosha ndoo. Aliiacha ndoo pale pale, akaja mikono mitupu.

"Shamba la nani hili?" aliuliza askari mkubwa wao.

Mwatum alimtazama mumewe. Alikuwa na hakika atasema. Alimwona hata anafungua kinywa.

"La mke wangu," alisema Kificho. "La urithi wake. Mie nimekuja kumwita nyumbani."

Mzee Shaame aliinamisha kichwa. "Ni kweli ni la Bi Mwatum," alisema. "Kwa Mwanawema hapa. Kila mtu anajua."

"Na aliyepanda?"

"Mie sijui kitu, wallahi," alisema Kificho. "Muulizeni yeyote Ole. Nimewahi kupanda nini mie kikaota?"

Mmoja wa askari, aliyekuwa mwenyeji, alicheka bila kutaka. Alizijua zile dhihaka za barazani. Mwatum bado alikuwa na kisu mkononi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

Walishitakiwa wote wawili, na kesi ikasikilizwa mwezi wa Septemba. Mwatum alisema ukweli wote: mbegu alileta Kificho, mpango wa Kificho na mtu wa Tanga, yeye aliiokoa tu mimea isife. Aliposema neno lile la mwisho alisikia namna lilivyolia vibaya mbele ya watu. Safari hakuonekana tena Wete. Kificho alikula kiapo akasema hajawahi kulima bondeni, wala hakuinua macho. Kisha akaitwa Mzee Shaame, na huyo hakuwa mtu mbaya; alitaka kumsaidia.

"Mheshimiwa, bibi huyu ni mkulima hodari kuliko wote kwetu," alisema.

"Ulipofika shambani uliona nini kuhusu kilimo chenyewe?" aliuliza mwendesha mashitaka.

"Kilikuwa kizuri sana, Mheshimiwa. Mimea imefungwa, imetiwa majivu. Na mfereji..." Mzee Shaame alisita. Alikuwa ameona anakoelekea.

"Mfereji una nini?"

"Umepindishwa mara mbili. Alikuwa akichimba hivyo marehemu mama yake. Sasa anachimba hivyo Mwatum peke yake."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Mwatum alihukumiwa miaka mitatu. Kificho aliachiwa siku ile ile, akarudi Ole kwa baiskeli ya kuazima.

Gerezani walimuuliza anajua kazi gani. Aliyeandika alikuwa ameshasoma faili lake, akasema kwa ucheshi kwamba bustani yao ya mchicha inamsubiri. Mwatum alisema hajui kulima. Wakamtisha, wakamsema, akarudia hivyo hivyo. Wakampa kuchota maji na kusugua sakafu, akachota na kusugua miaka miwili na miezi mitatu, mpaka alipopunguziwa kifungo. Mchicha wa gerezani ulikuwa na vidukari. Aliuona kila siku akipita na ndoo.

Kificho alikuja mara moja, na mkate na sukari. Alizungumza habari za Kazija na skuli. Alipoaga alisema, "Ningefungwa mie mngekula nini?"

"Mihogo yangu," alisema Mwatum. "Kama siku zote."

Hakuja tena. Mwaka wa pili habari zilimfikia kwamba ameoa Vitongoji, mke anaitwa Mwanakhamis.

Siku aliyotoka alikwenda moja kwa moja Ole, akamkuta Kificho nyumbani anasuka kamba. Mke mpya alitoka na kiti, akamwamkia kwa adabu, akaingia ndani na hakutoka tena. Mwatum hakukaa. Alisema anataka vitu viwili, talaka yake na mtoto wake.

Kificho hakubishana. Alichana karatasi kwenye daftari la Kazija, akaandika, akaitia sahihi, akamwita jirani ashuhudie. Jirani alipoondoka Kificho alikuna shingo, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mwatum, wewe na mie hatuna ugomvi tena. Nna jambo nataka kukuuliza." Alitazama mlangoni. "Mwaka jana nilijaribu tena, kule msituni, si kwako. Zimekufa zote. Viwavi. Nimetia majivu, nimetia tumbaku, zimekufa. Ulikuwa ukifanyaje?"

Mwatum alimtazama vizuri usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile bondeni. Alitafuta aibu, hata ndogo, akaona mtu anayesubiri jibu tu. Hakumtukana. Alikuwa amejiandalia maneno miaka miwili, na sasa hakuona wa kumwambia.

"Kazija," aliita, "lete nguo zako."

Shamba la bondeni hakulirudia. Alilisalimisha kwa Mzee Shaame alitoe wakfu kwa msikiti. Mzee alilipokea huku anafuta macho, na Mwatum hakumfariji. Yeye na bintiye walihamia kwa mjomba wake, upande wa Chake. Alipewa kipande nyuma ya nyumba, na kwa kuwa mtoto lazima ale, alipanda viazi na mchicha. Vilistawi, kama kila kitu alichokigusa.

Majirani wapya, wasioijua habari yake, walikuwa wakisimama uani. "Mashaallah, Bi Mwatum," walisema. "Mkono wako una baraka."

"Si mkono," alijibu bila kugeuka. "Ni udongo." Na akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa mpaka walipoondoka.