Yule Mwenye Kutembea Kama Bata

Jeanne aliilamba noti, akaibandika kwenye kioo cha televisheni yangu, palepale ilipokuwa helmeti ya mwanawe. Vigelegele vikajaza sebule. Kamera ikahama, noti ikabaki imemkaa usoni mzungu mzee aliyekuwa anapiga miayo.

"Sasa unatunza nani?" aliuliza Nzanzu, jirani yetu muuza saruji. "Huyo njo patron, mwenye compagnie. Iko na franga zake."

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka jana, baada ya misa. Kampuni ile ya magari ya matajiri ilikuwa inarudi kwenye mashindano ya kimataifa ya mbio za magari, baada ya miaka mingi ya kukaa pembeni, na Stéphane, mtoto wa Jeanne aliyeko Ulaya, alikuwa amempigia mama yake kwamba amechukuliwa kufunga magurudumu. Jeanne, rafiki yangu, aliniambia mimi peke yangu. Kuniambia mimi peke yangu ni kuuambia mtaa wetu mzima wa Ruashi. Ndiyo maana watu walikaa hadi dirishani, wakila bukari, ugali wetu, na samaki wangu.

Tatizo, mafundi wote walivaa helmeti.

"Utamujua namna gani?" Nzanzu alichokoza. "Bote banafanana sawa mifuko ya ciment."

"Miguu," alisema Jeanne. "Angalia yule mwenye kutembea sawa bata. Baba yake kabisa."

Basi kila gari lao lilipoingia kubadilisha magurudumu, bata yule aliruka, nasi tukaruka naye.

Simu yangu ikalia. Nikatoka uani.

"Tantine, mama anaangalia?" Alikuwa Stéphane, ambaye huniita shangazi. "Mwisho balichukua mwingine. Miye niko inje, naonyesha bantu fasi ya kuweka magari. Umuambie, lakini polepole."

Habari tamu namna ile haijawahi kuniangukia mkononi ingali moto. Nikarudi ndani mdomo umejaa.

Jeanne alikuwa anacheza mbele ya kioo, viatu mkononi. Tangu tulipomzika mumewe sikuwa nimemwona akicheza. Gari lao lilikuwa la mwisho kabisa, na hakuna aliyejali.

"Nani alipiga?" aliniuliza, akihema.

"Compagnie ya simu. Banauliza kama service yabo inanifurahisha."

"Na umebajibu nini?"

"Sana," nikasema, nikamwongezea samaki.