Mkoba wa Pisi Moja

Krrr. Kimya. Krrr tena.

Nilifumbua macho gizani. Alfajiri ilikuwa bado. Hata yule bibi wa Kichina wa ghorofa ya chini alikuwa hajaanza kukohoa na kuwasha jiko lake. Kissa, binti yetu wa miaka minne, alilala kwapani pangu, mguu juu ya tumbo langu. Mume wangu Anatory alikaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo, akifungua na kufunga kitu mapajani.

"Baba Kissa, nini hicho?"

"Lala. Sampuli."

Akakisukuma chini ya kitanda kwa kisigino.

Sampuli gani inaangaliwa gizani? Biashara yetu ni jinzi. Anatory anazinunua kwa belo soko la Zhanqian, huku kwa Wachina, anazisafirisha hadi Tunduma, kwenye duka letu linaloangaliwa na mdogo wake, Shedrack. Jinzi hazilii krrr.

Nisingehangaika, ila kulikuwa na ile simu. Wiki moja kabla, simu yake iliita yeye akiwa anaoga, nikapokea. Mwanamke wa Kichina, anaongea mbiombio: laoban, yaani bosi, ule mkoba wako wa kike uko tayari, ile pisi moja, njoo Shiling uuchukue. Mimi nasoma Kichina madarasa ya jioni, mwaka wa pili sasa. Anatory hunitania kwamba tunafundishwa kusalimiana tu. Nilimjibu yule mama kwa Kichina kilichonyooka kwamba nimesikia, nikairudisha simu palepale ilipokuwa.

Pisi moja! Asiyenunua mzigo huku hawezi kuelewa. Shiling ni mji wa mikoba, lakini hakuna fundi anayekushonea chini ya pisi mia. Ukitaka mmoja wanakucheka: meiyou, hakuna, nenda zako. Mpaka wakubali, uwe umebembeleza, umechora, umekwenda na kurudi. Mwanaume anayetaabika hivyo kwa mkoba mmoja wa kike, anataabikia nini?

"Iko mwanamke," alisema Fifi, vidole havijaacha kusuka. Fifi ni wa Lubumbashi, ana saluni ya viti viwili pale Dengfeng, ndiye anayebaki na Kissa nikienda darasani. "Ma chère, mikoba mia ni commerce, biashara. Mkoba moja ni mapenzi."

"Labda ni wangu."

"Anniversaire yako, siku ya kuzaliwa, ni lini?"

"Novemba."

"Sasa tuko mwezi gani?"

"Aprili."

"Voilà."

Wateja wakacheka. Mmoja akanipa pole kama ya msiba.

Jioni ile nilipekua koti la mume wangu. Sijisifu, nilipekua. Mfukoni nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne: mchoro wa mkono kwa penseli, mkono mdogo wa kike, na vipimo vya kila kidole. Nikakaa kitandani. Niliutazama sana ule mkono, nikiuchukia. Halafu, sijui kwa nini, nikaweka wa kwangu juu yake.

Ukaenea. Kila kidole kikaingia mahali pake, hata hiki cha mwisho kilichopinda tangu mlango wa gari la mchungaji uliponibana Tukuyu.

Ningefurahi, sivyo? Badala yake nywele zilinisimama. Sikumbuki kuchorwa. Alinichora nimelala.

"Jésus!" Kesho yake, saluni, Fifi aliangusha kitana. "Mkono yako? Katika usingizi? Huyo ameenda kwa féticheur, kwa mganga. Leo usikule chakula yake."

"Mpishi ni mimi, Fifi."

"Basi usikule tu."

Jumapili, tuliporudi kanisani, niliiweka ile karatasi kando ya kikombe chake cha chai.

"Ni ya nani?"

Hakukana. Aliinama, akavuta mkoba kutoka chini ya kitanda, wa ngozi ya kahawia, mzuri hata ukanichoma moyo. Pembeni yake akapanga karatasi tatu. Kila moja ilikuwa na picha ya bastola.

"Baba Kissa!"

"Taratibu. Hakuna bastola hapa, hizi ni picha. Zinauzwa kwetu, duka la halali, kwa kibali cha polisi. Shedrack ndiye aliyezituma." Akashusha pumzi. "Nilikwambia Shedrack alianguka na pikipiki. Hakuanguka. Walimsubiri akipeleka mauzo benki, wakampiga. Ameacha duka. Hataki hata kulisikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Juni mnarudi, wewe na Kissa. Duka utalishika wewe, na moja ya hizi utatembea nayo."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja basi ni la saa ngapi. Cheti changu cha Kichina ni Desemba. Kampuni moja ya kusafirisha mizigo imeshaniahidi kazi ya ukalimani nikikipata. Hilo analijua.

"Ulinichora usingizini."

"Ningekuuliza ungekataa. Mkono wako ni mdogo, mama. Nimesoma kila kitu." Akasogea, macho yanang'aa, kama anamuuzia mteja. "Hii rivolva ni rahisi, haina mambo mengi, ila nene. Hii ndogo kabisa inapendeza, lakini kidole chako cha mwisho kinabaki hewani, na ikifyatuka inapiga teke kuliko kubwa. Hii ya kati ni bapa, mpini unakuenea, kifyatulio unakifikia bila kujinyoosha."

"Na mtoto akiigusa?"

"Ndiyo maana ya mkoba!" Akauvaa begani, mwanaume mzima, akageuka huku na huku. Kwa ndani kulikuwa na mfuko uliofichwa nyuma ya bitana, umefungwa kwa utepe wa kunata kama wa viatu vya watoto. Krrr. Humo alikuwa ametia bastola ya kadibodi, aliyoikata mwenyewe kwa kipimo. "Fundi aliufumua na kuushona upya mara tatu. Hata mimi nilipoupokea, huo mfuko niliutafuta. Mtu asiyejua haoni kitu."

Alinivalisha. Aliurekebisha mkanda begani kwangu polepole, kama alivyonivalisha shela, na nikaona macho yake yamelowa. Hakuwa na mwanamke. Alikuwa na hofu. Wiki nzima nilikuwa nimemchukia mtu anayeogopa kunipoteza, na huruma ile ndiyo iliyotaka kunimaliza.

"Chagua," alisema. "Shedrack anasubiri jibu leo, aanze kufuatilia kibali. Ukichagua, mengine niachie mimi."

Nilivua mkoba, nikauweka sakafuni karibu na kiti. Nikazitazama picha. Nilijua kidole changu kikigusa moja tu, nimekubali yote: Juni, duka, njia ya benki, darasa langu nimeliacha katikati. Nikaunyoosha mkono kwenye ile ya kati.

Krrr.

Tuligeuka wote wawili. Kissa alikuwa amechuchumaa kando ya mkoba, mkono umezama hadi kifundoni nyuma ya bitana. Hakuwa anatafuta, alikuwa anajua. Akaitoa ile bastola ya kadibodi, akaitupa pembeni kama kitu kinachombania nafasi, akazamisha tena mkono.

"Mama, mimi naweka pipi zangu humu."