Mizunguko Mitatu

Niseme mapema ili asiyependa ugomvi aondoke: barua ile sikuitia saini. Waliniletea kalamu ya bluu, wakaniletea nyeusi, mwisho wakaniletea soda baridi. Soda nilikunywa.

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita tu. Ilisema kwamba mimi, fundi wa valvu wa idara ya maji, nakiri kuirekebisha vibaya valvu ya chemba ya mteremkoni, na kwa uzembe wangu mabomba ya watu wa bondeni yakapasuka Jumanne mchana. Adhabu ingekuwa onyo. Kazi yangu ningebaki nayo, na miaka mitatu iliyosalia kabla ya kustaafu ningeimaliza bila bughudha. Afisa utumishi aliisoma kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Nikamuuliza kama yeye angekubali kuitwa mwizi kwa sababu tu kifungo chake ni cha siku moja. Akaniambia nisikuze mambo.

Acha niieleze hiyo valvu, maana watu wanaivunjia heshima bure. Tangi letu liko juu kilimani. Asubuhi kila nyumba inapofungua bomba, nguvu ya maji inashuka. Mchana watu wakiwa makazini, nguvu inapanda hadi unaisikia ikiguguma chini ya barabara. Bondeni mabomba ni ya zamani, mengine yamenizidi umri, na mimi si msichana. Katikati, ndani ya chemba, shimo lenye mfuniko wa chuma, ndipo ilipo valvu yangu, ukubwa wake kama sufuria la kupikia familia. Juu kuje nguvu tisa, kuje tano, chini geji ya kupimia nguvu ya maji inasoma tatu. Maji yakizidi inajibana yenyewe, yakipungua inajiachia. Haihitaji umeme, haihitaji mlinzi, wala haijawahi kuomba posho.

Ila ina jambo moja linalowaumbua waliozoea koki. Juu yake kuna skrubu inayokandamiza springi. Koki ya kawaida ukiikaza kulia, maji yanapungua. Skrubu hii ukiikaza kulia, springi inasukuma zaidi, valvu inafunguka zaidi, na maji yanayokwenda chini yanaongezeka nguvu. Kila mgeni hukosea hapo. Mimi mwenyewe wiki yangu ya kwanza kazini nilimlowesha fundi mkuu hadi soksi. Ndiyo maana tuna utaratibu: anayeigusa anasubiri sindano ya geji itulie, halafu anaandika kwenye daftari la chemba jina lake, mizunguko mingapi na upande gani. Nami nikishaiweka sawa nachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye nati, nyekundu, nijue ikiguswa.

Jumanne ile mimi nilikuwa upande wa pili wa mji nabadilisha mpira wa valvu nyingine. Watu wa bondeni walipiga simu ofisini kulalamika kwamba mabomba yanatema maji kwa kishindo. Ilikuwa hewa tu, ingeisha yenyewe. Simu ilipokelewa na msimamizi mpya wa eneo, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kazi nilimtafutia mimi, miaka tisa iliyopita, nikiomba mlango kwa mlango apewe japo kusoma mita. Akapanda, akapanda tena, na sikumwonea kijicho. Alipopewa usimamizi nilimwomba ashuke nami chemba siku moja tu aijue. Akasema ana mkutano. Basi siku hiyo alichukua spana stoo, akashuka peke yake, akaamua kupunguza kidogo. Akakaza kulia mizunguko mitatu kama mtu anayefunga bomba la jikoni, akafunika chemba, akaenda zake. Hakutazama geji. Hakuandika neno.

Saa saba mchana nguvu ilipopanda kilimani, valvu ilipitisha kile ilichoamriwa kupitisha. Nyumba kumi na saba zilipasukiwa mabomba. Kwenye kliniki ya wazazi bomba lilipasukia ndani ya dari, na dari likaanguka juu ya kitanda. Mzazi aliyekuwa amelala hapo alikuwa ameinuka dakika chache kabla kwenda msalani. Nesi alinionyesha kitanda chenyewe, kimejaa vipande vya bodi na misumari. Nilikaa chini.

Jioni shemeji alikuja nyumbani kwangu. Alisimama mlangoni, akasema, "Shemeji, mimi nilidhani nafunga."

Nilimwonea huruma, sitaki kudanganya. Nilimwambia kosa la mkono si aibu, kesho twende wote kwa mkurugenzi, nitasimama naye. Akaitikia. Alhamisi ndipo ikaja ile barua ya mistari sita, na chini kabisa, mahali pa aliyeiandaa, palikuwa na saini yake. Daftari la chemba lilionyesha jina la mwisho kabla ya mabomba kupasuka ni langu, la Jumamosi, basi akaona hapo pana kivuli cha kutosha kujificha. Huruma yangu iliishia kwenye saini ile.

Jumapili niliitwa kwa mama mkwe. Nilipoingia sebuleni na kuona viti vimepangwa duara nilijua nimeitwa barazani, si kusalimia. Shemeji alikuwa amekaa karibu na mama yake, anaangalia sakafu. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa maneno machache, alikaa karibu na mlango kama abiria. Mama mkwe alianza kwa kunisifu: mimi ni mwana, si mkwe, mimi ni mvumilivu, mimi onyo haliniui. Mwanawe akifukuzwa, nani atamwajiri tena? Na mimi ndiye niliyemtafutia kazi, sasa nitakuwa mkono wa kumpa na wa kumnyang'anya? Damu nzito kuliko maji, alisema, na nikafikiri kwamba mtu aliyesema hivyo mara ya kwanza hakuwahi kufanya kazi idara ya maji.

"Mwanangu," akamaliza, "funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, kombe hili lilianguka juu ya kitanda cha mzazi. Nani wa kulifunika?"

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika, mama. Yalimwagwa, na aliyeyamwaga amekaa hapo."

Mama mkwe aliniambia taratibu kabisa kwamba siku nitakayomtaja mwanawe ofisini, nisikanyage tena kwake. Nilisema nimesikia. Njiani kurudi mume wangu hakunilaumu wala hakunitetea. Nilimkasirikia zaidi kwa hilo la pili.

Jumatatu mbele ya kamati ya idara iliyoundwa kuchunguza mkasa ule nilisema jambo moja tu: si mimi. Walipouliza ni nani basi, nikasema wamuulize aliyechukua spana. Nilikuwa bado namwachia mlango, maana ni mdogo wa mume wangu na nilimwona akikua. Kamati ikatoka nje, ikarudi baada ya nusu saa na nyuso zimenawiri. Wamegundua chanzo. Hakuna mtu mwenye kosa. Valvu ndiyo mbovu, imechoka, na Jumatano itang'olewa, pawekwe koki kubwa ya kawaida ambayo mtu ataipunguza na kuiongeza kwa mkono.

Kila mtu alifurahi. Afisa utumishi alinipa mkono. Mama mkwe alinipigia simu akicheka, akaniombea baraka mpaka salio likakatika. Mume wangu alisema haya, limekwisha. Shemeji alinitumia ujumbe wa neno moja, asante.

Mimi sikulala usingizi wa maana siku hizo mbili. Ile Jumanne ya dhahama niliirudisha skrubu kwa mkono wangu mizunguko mitatu, hadi mstari mwekundu ukaungana, na tangu hapo geji ilikuwa inasoma tatu, asubuhi na mchana, bila kutikisika. Chuma kizima kabisa kinasingiziwa kwa kuwa hakina mdomo. Na hiyo koki ya mkono, nani ataishukia kila asubuhi kuifungua na kila mchana kuibana? Siku mtu akiugua? Siku akiwa na mkutano? Bondeni wangepasukiwa kila wiki, na hao wa kliniki wangelala chini ya dari wakisikiliza. Nilikuwa tayari kumeza mengi kwa ajili ya ukoo, lakini si hilo.

Jumanne jioni niliandika barua yangu mezani, mume wangu anashona upindo wa suruali ya mtu. Alisimamisha cherehani.

"Utamtaja?"

"Barua ikifika utajua."

"Ni mdogo wangu."

"Najua ni nani. Nilimlisha."

Akaendelea kushona. Baadaye aliniuliza kama nina bahasha, akanitafutia.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi niliipeleka ile bahasha kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi, nikatembea hadi mteremkoni, nikakaa juu ya mfuniko wa chemba. Mfuniko ule ni wa chuma na asubuhi una baridi kali, lakini nilikaa. Saa mbili na nusu wakafika vijana wanne wa kikosi cha mabomba na nyapara wao, pamoja na winchi na spana za urefu wa mkono. Nyapara ananijua miaka. Akanisalimu, akaniomba nisogee.

"Sisogei. Muite msimamizi wako."

Shemeji alifika kwa pikipiki, amevaa shati jeupe. Alijaribu kucheka, akasema mbele ya wale vijana kwamba mafundi wa zamani wanazipenda valvu zao kuliko waume zao. Vijana wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu wiki ile ilikuwa kweli. Kisha nikainuka, nikafungua mfuniko, nikampa spana yangu.

"Shuka uipunguze," nikamwambia. "Mbovu si haisikii mkono? Ipunguze mbele ya hawa. Ikikataa, nitawasaidia kuing'oa."

Alijua nimemweka wapi. Akikataa, vijana watauliza kwa nini. Akizungusha kulia, sindano itapanda na kila mtu ataona kilichotokea Jumanne ile. Akizungusha kushoto, itashuka, na mbovu itakuwa imepona. Alikunja mikono ya lile shati jeupe. Mwishowe akashuka, nami nikashuka nyuma yake, na nyapara akainama mlangoni mwa chemba kuchungulia.

Alizungusha kushoto. Nusu mzunguko. Sindano ikayumba, ikashuka polepole, ikatulia kwenye mbili na nusu. Hata kelele ya maji ilibadilika.

"Mbona hii nzima?" nyapara akauliza kutoka juu.

Shemeji akanirudishia spana.

"Mimi siwezi kung'oa kitu kizima," akasema. "Kwenye fomu nitaandika sababu gani?" Tukamsikia akiwaambia vijana wapakie winchi.

Tukabaki wawili mle ndani, tumebanana, bomba limetutenganisha. Shemeji alinong'ona kwamba nikimtaja amekwisha, ana watoto, mama atakufa kwa presha. Nilimwambia mama yake ana moyo mzima kuliko sisi sote. Halafu nikamwambia lililobaki, na sauti yangu haikuwa ya kunong'ona.

"Barua iko mezani kwa mkurugenzi tangu asubuhi. Nimeandika siku, saa, mizunguko mitatu, upande wa kulia. Pa jina nimeacha wazi. Mkurugenzi anaingia saa nne. Akianza kuniuliza mimi, nitajaza. Ukimwahi, jaza mwenyewe."

"Na ukijaza wewe, utasema nini?"

"Kwamba ulikosea kama kila mtu anavyokosea, halafu ukanitafutia kalamu."

Aliniangalia. Alipanda ngazi, nikasikia pikipiki ikikataa kuwaka, mara ya kwanza, ya pili. Kisha nikasikia viatu vyake barabarani, anakimbia, na nilipochungulia shati lile jeupe lilikuwa tayari limefika kona ya kwenda ofisini.

Nilirudisha skrubu nusu mzunguko, nikasubiri sindano itulie kwenye tatu, nikaandika daftarini. Nilikuwa na hasira na hofu, na nilijua kwamba sebule ile yenye viti vya duara sitaingia tena kwa muda mrefu. Sikujuta. Niliketi kwenye ngazi nikasikiliza maji yakipita.

Saa nne na robo simu yangu ikalia. Alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Hakuniuliza jina. Alisema valvu inabaki, na kwamba kuna mtu amemrudisha kwenye kusoma mita, ila kabla ya hapo anataka ashuke chemba kila siku kwa miezi mitatu, ajifunze. Je, niko tayari kumfundisha, nikizingatia yote yaliyopita?

Nikamwambia niko tayari, ila aje na buti, na kesho asichelewe.