Vijitaya vya Nungu wa Baharini

Bi Hadubini, kama wenzake wa jumba la makumbusho walivyopenda kumwita, hakuwa mtu wa kubahatisha. Nungu wa baharini, yule mnyama mviringo wa miiba, alimsoma kwa gamba lake tupu: alimloweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo mpaka miiba na ngozi vikatoka, kisha akahesabu matundu. Ndivyo alivyomweka na huyu mpya, asiyejulikana na mtu, kwenye jenasi ya wapole. Akampa jina la Kilatini, akajipongeza kwa chai.

Mdogo wake alitunza viumbe wa baharini kwenye nyumba ya maonyesho. Alipoletewa nungu hao kwa ajili ya bwawa ambalo watoto huruhusiwa kugusa, alimpigia simu kwanza.

"Dada, hawa hawana neno?"

"Hawana neno. Washike tu."

Leo ndipo shule ya kwanza ilipokuwa inakuja. Mdogo mtu alikuwa amemtumia nungu mmoja mzima ndani ya chupa ya spiriti, na Bi Hadubini, kwa uvivu tu wa kuandaa dawa, akamtazama hivyohivyo na ngozi yake.

Katikati ya miiba kulijaa vijitaya, vimeachama kama makinda wanaosubiri kulishwa, kila kimoja na kifuko chake cha sumu. Huyu hakuwa wa jenasi ile hata kidogo. Alikuwa wa ukoo ule ambao sumu yake hulegeza mwili, ikianzia mdomoni na kuishia kwenye pumzi. Na ushahidi wote alikuwa akiuosha mwenyewe, akiumwaga kwenye sinki.

Alipiga simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akiogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa.

"Dada?"

"Watoto wasiwaguse hao nungu. Wana sumu. Nilikosea, mdogo wangu."

"Watoto bado. Basi lao limeharibika njiani."

Bi Hadubini aliketi chini sakafuni, akacheka kwa nafuu mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi ndiye niliyewapanga bwawani," mdogo wake akaendelea polepole. "Asubuhi yote, kwa mikono. Wala hawaumi."

Maneno yalikuwa yakimgongana mdomoni.

"Mbona unaongea hivyo? Unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu, dada."