Biskuti ya Pili

Saa kumi na mbili jioni Jacomina aliweka sahani mbili mezani, yake na ya marehemu mumewe, na koti la Leendert likakohoa kwenye ndoano ya mlangoni. Miaka sita sasa, tangu mwenyewe azikwe, lilikohoa saa ya chakula. Likikohoa lilidondosha vumbi jeupe, naye akalipangusa kwa kitambaa kibichi, maana kulifagia ni kulipeperusha. Hilo walijifunza wenyewe. Kiwanda cha meli alikofanya kazi Leendert hakikuwaambia.

Barua ya kiwanda ilisema ugonjwa wake wa mapafu ulitokana na sigara. Leendert hakuwahi kuvuta hata moja.

Kila Jumatano alikuja Krijn, fundi mabomba mstaafu, kunywa kahawa. Mjini kwao mgeni hupewa biskuti moja, kisha kopo hufungwa. Miezi minane Jacomina alilifunga. Jumatano hii aliliacha wazi.

“Mama, hujafunga kopo,” alisema bintiye, Pieternel, mikono ikiwa kwenye povu la vyombo.

“Najua.”

“Ukimpa ya pili atahamia huyu!”

“Na ahamie.”

Krijn alichukua ya pili, masikio yakamwiva kwa haya. “Na mwenye koti je?”

Wote watatu wakageukia mlangoni. Koti lilikohoa, likashuka, likahamia ndoano ya pembeni.

“Hana neno,” alisema Jacomina. “Angekuwa na neno, angeangusha kofia.”

Krijn akatundika la kwake palipoachwa. Alilivaa miaka ishirini na miwili katika kiwanda kilekile, akikata asbesto, madini ya vumbi jeupe, kwa msumeno ndani ya matumbo ya meli zilezile. Jacomina alilitegea sikio. Halikusema kitu siku ile, wala majira yote ya baridi. Sahani ya pili ikawa inarudi tupu. Usingizini, miguu ya Jacomina ikapata miguu ya kuegemea.

Aprili, saa ya chakula, koti la Krijn likakohoa. Kidogo tu, kama mtu anayeomba radhi.

“Ni mafua,” alisema Krijn.

“Koti halishikwi mafua, mpenzi. Kula, viazi vinapoa.”

Krijn alipokwenda kiwandani kudai fidia, karani alimuuliza swali moja: anavuta sigara ngapi kwa siku. Krijn alijibu hajawahi. Karani aliandika kwa muda mrefu.

Barua ilifika Jumatatu. Ilikuwa ileile ya Leendert, neno kwa neno. Walibadilisha jina tu. Jacomina aliisoma akiwa amesimama, akaiweka juu ya mwenzake kabatini. Makoti yakakohoa, moja likilipokea jingine. Akachukua kitambaa, akakichana vipande viwili, akafungua bomba.