Majani Yenye Utomvu

Tanuri la kukaushia lilikuwa limeshawashwa Iraci alipovunja jani moja na kuona utomvu mweupe. Espinheira-santa, mmea wa dawa ya vidonda vya tumbo waliyoitengeneza katika kiwanda chao kidogo jimboni Paraná, Brazili, hautoi utomvu. Huu ulikuwa mmea mwingine wenye majani ya miiba kama yake, na ukishakauka ni vigumu kuutambua kwa macho.

“Mama, haya siyapokei,” alimwambia Dona Zulmira, mama yake wa ubatizo, aliyeyachuma na kuyaleta kwa gunia.

“Mimi niliyekubeba kanisani ukilia, leo unaniita tapeli?”

“Sijasema hivyo.”

“Masomo yamekupanda kichwani! Hebu nipishe.” Akanyanyua gunia kuelekea tanurini.

Iraci alisimama mbele ya mlango wa tanuri, akimwomba Mungu kimoyomoyo ampe nguvu. “Wagonjwa watakunywa wakidhani ni dawa. Vunja jani mwenyewe.”

Dona Zulmira alivunja moja, kisha jingine. Vidole vikalowa utomvu. Akalitua gunia polepole, akaketi juu yake.

“Zima huo moto,” alisema. “Na usimwambie mtu kwamba macho yangu yamekwisha.”

“Kesho tutachuma pamoja, Mama.”